Marehemu wa Saba Niliyemdai

Katika maisha yangu ya kazi nimewadai marehemu saba. Sita walilipa vizuri. Wa saba naye alilipa, tena haraka kuliko wote, na huyo ndiye anayenifanya nikae leo niwaandikie ninyi vijana mnaovaa joho na kuapa kutetea mali ya umma.

Msicheke bado. Nilikuwa wakili wa serikali hapa Lubumbashi, katika ofisi ambayo sitaitaja, maana waliomo sasa ni wengine na hawana hatia ya mambo yangu. Kazi yetu ilikuwa moja tu: mali ya umma ikipotea, tuitafute mpaka irudi. Pesa za kuchimba kisima, dawa za hospitali, gari ambalo mkubwa fulani alistaafu nalo akasahau kulirudisha. Watu hudhani wakili wa serikali hushinda kwa kupaza sauti mahakamani. Mimi muda wangu mwingi niliutumia kuhesabu mabati, kupapasa magurudumu, na kungoja kwenye viti vya watu ambao walikuwa ndani ila walisema wametoka.

Basi nikupeni machache kabla sijafika kwake. Mdaiwa mwendee asubuhi, majirani wakiwa wanafagia, maana mtu hapendi kutukana serikali mbele ya majirani. Usinywe soda yake kabla hujasema kilichokuleta, kwa sababu ukishainywa ulimi unalegea, nami nimepoteza kesi nzima kwa chupa moja ya soda baridi. Ukiambiwa kuna jengo, kaliguse. Mwanzoni niliwahi kuandika mahakamani kwamba shule fulani imeezekwa, kwa kuwa karatasi ilisema hivyo. Hakimu akaahirisha kesi, akatupeleka sote kwenda kuiona, na mvua ikatunyeshea tukiwa ndani ya darasa.

Aliyenifundisha kazi ni Maître Lukusa; Maître ndivyo mawakili wanavyoitwa kwetu. Alikuwa mtu mpole, mwenye shati lililopigwa pasi hata mikono, na hasira yake sikuiona hata siku moja. Kila asubuhi ya saa nne aliweka redio ndogo mezani na kushika penseli. Sisi wengine tulifikiri anasikiliza habari za dunia. Alikuwa anasikiliza matangazo ya vifo.

Siku moja akanieleza, kwa utaratibu, kama mtu anayemfundisha mwenzake kukunja barua. Deni la marehemu huwaangukia warithi wakikubali urithi. Lakini mahakamani watakataa, wataomba muda, watabadilisha wakili, na wewe utazeeka. Sasa, mjini kwetu kuna Waislamu wengi ambao wazee wao walitoka Maniema. Kwao, kabla maiti hajaondolewa, imamu au mtoto wa marehemu husimama na kuuliza kama kuna anayemdai. Hawataki mtu wao aende kaburini na deni shingoni. Ukisema pale, mbele ya watu, mtoto atalibeba. Mahakamani deni linachukua miaka, na pale linachukua dakika moja.

"Kule hauombe karatasi," aliniambia Maître Lukusa, "na haubishane. Unasema paka jina ya serikali na chiffre. Kisha unakaa kimya." Yaani nitaje tu serikali na kiasi, basi.

Nami, Mkatoliki niliyezaliwa na wazazi waliotoka Kasai, nikajifunza kuvua viatu, kukaa nyuma ya wanaume, na kuazima kofia. Waliotangulia sita nilikuwa na hakika nao. Mmoja alikuwa amekaa na gari la serikali miaka mingi. Baada ya maziko watoto wake wakalileta wenyewe mpaka ofisini, na ndani ya gari mlikuwa na mbuzi ambaye hakuna aliyekiri kuwa wake. Tulimwandikia barua ya kumpokea, tukamfunga uani, na siku ya tatu hakuonekana tena. Mkuu wa ofisi alisema tusiulizane sana. Tulicheka sana enzi zile. Nilijiona nimeipata siri ya kazi ambayo wenzangu wa mahakamani hawaijui.

Ndipo likatangazwa jina la Fundi Salumu wa Kamalondo, seremala.

Faili lake, alilonipa Maître Lukusa, lilikuwa na karatasi mbili tu. Ya kwanza iliagiza madawati ya shule tatu za serikali. Ya pili ilikuwa hati ya kupokea malipo yote, na chini yake kulikuwa na maneno yale ya Kifaransa ambayo mtu huandika kwa mkono wake mwenyewe, kwamba amesoma na amekubali, halafu sahihi ndefu yenye mkia. Madawati hayakufika. Watoto walikuwa wanakaa juu ya matofali, hilo nalijua kwa sababu nilikwenda nikawaona. Kwenye karakana ya Fundi Salumu sikwenda. Niliyasoma makaratasi ndani ya taksi, nikayakunja, nikayatia mfukoni.

Ilikuwa kama saa tano ya mchana, jua kali. Uani kwake palijaa. Nje, mafundi wa cherehani wa mtaa ule walikuwa wamesimamisha mashine zao, na ule ukimya wa Kamalondo mchana kweupe ulinikosesha raha tangu nilipoingia. Jeneza lilikuwa katikati, limefunikwa kitambaa cha kijani. Imamu akauliza:

"Ndugu zetu, nani iko anamudai huyu muzee? Aseme sasa, bado iko hapa na siye."

Hakuna aliyejibu. Mimi pia sikujibu. Sijui kwa nini, maana ndilo lililonileta. Wanaume wanne wakaliinua jeneza, likafika magotini, wakalirudisha chini.

"Iko muzito," mmoja akasema.

Fundi Salumu alikuwa mtu mwembamba, na ugonjwa ulikuwa umemmaliza. Watu wakatazamana. Wakaingia wanne wengine, vijana wa karakana wenye mikono ya kubeba mbao. Wakainua. Niliona mishipa ya shingo zao. Wakalishusha tena, na mmoja wao akarudi nyuma akijifuta viganja kwenye kanzu, hataki tena kugusa. Imamu akauliza mara ya pili, na safari hii hakuwa anaangalia watu wote. Alikuwa ananiangalia mimi, mgeni mwenye kofia ya kuazima.

Nikasimama. "Serikali inamdai," nikasema, nikataja kiasi.

Kisha Ramazani, mtoto wake mkubwa, mtu mzima mwenye vumbi la mbao kwenye nywele, akasogea mpaka kichwani pa baba yake. Hakuniomba kuona karatasi. Nilikuwa nayo mfukoni.

"Iko ku shingo yangu," akasema. "Baba aende."

Wakaliinua jeneza, likapanda mara moja, jepesi, mpaka mmoja wao akayumba kwa kuwa alikuwa amejiandaa kwa uzito. Mzee mmoja aliyekuwa karibu yangu akanishika mkono. "Umeona, Maître?" akaninong'oneza. "Alikuwa anakungoja."

Nywele zilinisimama, siwafichi. Lakini niseme kweli yote: nilifurahi pia. Nilidhani marehemu mwenyewe ameniunga mkono. Kwa miezi kadhaa niliisimulia hadithi hiyo kwa mawakili wenzangu, na kila mara niliongeza kidogo uzito wa jeneza.

Ramazani aliuza nyumba. Ilikuwa nyumba ya baba yake, ya matofali ya kuchoma, ambayo Mama Zaina, mjane, alikuwa ameishi ndani yake tangu alipoolewa. Wakahamia vyumba viwili vya kupanga mtaa wa Hewa Bora. Pesa zilipelekwa benki mbele yangu, na stakabadhi nikaisaini mimi. Ramazani alipokuwa anaondoka nikamuuliza habari za mama.

"Mama alitoka eda," akanijibu bila kunitazama. "Siku ya kumi. Alitupa nguo za matanga, alivaa rangi. Ku kaburi hataki hata kusikia. Anasema muzee alimuficha mambo."

Mnajua eda ni nini. Mjane hukaa ndani miezi minne na siku kumi, hajipambi, anamlilia mumewe. Mwanamke wa umri ule kuivunja mbele ya mtaa mzima si jambo dogo. Nikasema pole, nikaenda kula.

Miezi minane baada ya maziko nililetewa faili jingine. Mabenchi ya kituo cha afya, yamelipiwa, hayakuletwa. Ilikuwa alasiri, mvua inanyesha kwenye bati, nami nasoma huku natafuna karanga. Nikafika kwenye hati ya malipo. Maneno yale ya Kifaransa, na chini yake sahihi ndefu yenye mkia. Salumu.

Nikaangalia tarehe. Nikahesabu kwa vidole, nikahesabu tena. Mtu huyu alikuwa ametia sahihi miezi minne baada ya mimi kumwona akibebwa.

Nililitoa faili la zamani kabatini, nikazishika hati mbili kwenye kioo cha dirisha, moja juu ya nyingine. Mkia ulilala juu ya mkia. Wino wa ile mpya ulikuwa bado na mng'ao. Sikumbuki kama nilisali, ila nakumbuka niligeuka nyuma kutazama mlango, na kwamba zile karanga sikuzimaliza. Kwa muda fulani, labda kwa robo saa, mimi niliyesoma sheria Chuo Kikuu niliamini kabisa kwamba Fundi Salumu anatoka mahali anakuja kuchukua pesa.

Akili iliporudi ilileta jambo baya zaidi. Maiti haandiki. Kuna mtu aliye hai, mwenye kalamu, aliyezoea kuandika jina lile, na huyo hakuwa amesikia tangazo la kifo.

Nikaenda kwa Maître Lukusa na karatasi zote mbili.

"Maître, huyu muntu tulimuzika."

"Minajua. Miye njo nilikutuma."

"Sasa anasinya karatasi namna gani?"

Akavua miwani, akaifuta kwa shati lake zuri. "Kabeya, serikali ilipoteza feza. Feza ilirudia?"

"Ilirudia."

"Bon. Kazi yetu njo ile."

"Lakini muzee hakuiba!"

"Mwenye kuiba iko na bantu nyuma yake," alisema taratibu, bila hasira, kama siku zote. "Ungemugusa, leo haungekuwa na bureau. Mwenye kufa hana muntu. Na mwenye kufa hakanaka deni. Ile karatasi, rudisha mu dossier."

Ndivyo nilivyojua. Yeye hakuchukua hata faranga moja, naamini hivyo mpaka leo. Ila alijua sahihi ni za uongo, na alikuwa ameamua kwamba kazi ya wakili wa serikali ni kutafuta mtu wa kulipa, wala si mtu aliyeiba. Alisikiliza redio kila asubuhi akingoja mlipaji afe. Wale sita wangu wa kwanza nilirudi nikawachunguza mmoja mmoja, usiku sikulala, na namshukuru Mungu walikuwa wadaiwa wa kweli. Nadhani alinianzia na hao ili nisiulize nikifika kwa wa saba.

Ninyi siku hizi mngepiga picha kwa simu, mkaituma, mambo yamekwisha. Mimi niliitia ile karatasi ndani ya shati, kwenye ngozi, nikatoka nayo kwenye mvua. Yaliyofuata kisheria nayasema haraka kwa sababu hayana utamu. Niliandika taarifa dhidi ya ofisi yangu mwenyewe. Maître Lukusa alipumzishwa kwa heshima. Mimi nilipelekwa chumba cha makabati, nikakaa miaka na panya. Aliyekuwa anaandika jina la Salumu alikuwa mhasibu wa ofisi ya malipo, akafungwa, na waliokuwa nyuma yake hawakufungwa. Mahakama ikasema marehemu hakuwa na deni na familia irudishiwe pesa yake. Serikali ni hodari wa kupokea. Kurudisha kuliichukua miaka sita, na pesa zilipotoka zilitosha nusu ya nyumba huko Hewa Bora. Ile ya Kamalondo ilikwisha kuwa duka.

Lakini siku ambayo nataka muijue ni kesho yake baada ya ile karatasi, kabla ya hayo yote.

Nilikwenda Hewa Bora asubuhi. Mama Zaina alikuwa peke yake, amevaa kitenge chekundu, anachambua sombe, yaani kisamvu, mlangoni. Alinipa kiti kwa sababu ya adabu tu. Nikamuomba kitu chochote kilichoandikwa kwa mkono wa mumewe.

"Ya kufanya nini? Deni ingine?"

"Hapana, Mama. Nionyeshe tu."

Aliingia, akatoka na daftari limefungwa kwa kipande cha shuka. Nikalifungua. Vipimo vya mbao, majina ya wateja, meza, vitanda, milango, kurasa na kurasa, na zote kuanzia kulia kwenda kushoto. Kilikuwa Kiswahili kitupu kwa herufi za Kiarabu.

"Muzee aliandikaka paka hivi," akasema. "Ile alifabe ya bazungu hakuijua. Ku bureau ya serikali alitiaka kidole."

Kidole. Ramazani angeniomba ile karatasi uani, angeona herufi, na mambo yangeishia pale pale. Mimi ningepita karakana kwa dakika tano, yangeishia pale pale. Nikamkumbuka yule mzee na maneno yake, na jeneza lile lililokataa. Sina jibu la jeneza. Mwanzoni nilisema marehemu anaungama deni lake. Asubuhi ile, daftari likiwa mapajani, nilifikiri labda alijua nimekuja kumsingizia, akakataa kuondoka kabla hajatetewa, na mtoto wake alipokubali, akaona hana tena mtu.

Nikamwambia Mama Zaina yote. Sikujitetea. Aliendelea kuchambua sombe kwa muda, kisha mikono ikasimama.

"Feza ya madawati hakuikamata?"

"Hakuikamata, Mama. Hata hakuiona."

"Sasa haikukuwa ya mwanamuke?"

Sikumwelewa. Akanitazama mara ya kwanza tangu nifike.

"Nilisema iko na bibi mwingine mahali. Feza nyingi vile, na nyumbani haikufika, inaenda wapi? Nilitafuta ule mwanamuke, Maître. Mu mitaa yote, mu Kamalondo muzima, mu Kenya, mu Katuba. Nilitukana bantu. Na yeye nilimutukana kila siku asubuhi, mbele ya kula. Kila siku."

"Hakukuwa na mwanamke, Mama. Hakukuwa na kitu."

"Eda niliivunja siku ya kumi," akasema. "Inarudiwaka?"

Nimejibu maswali ya mahakimu wakali na ya mawaziri. Kwa hilo nililia mbele yake, mtu mzima, mwenye tai.

Yeye hakulia. Aliinuka, akaingia ndani, akatoka amevaa nguo nyeupe iliyokuwa na mikunjo ya kukaa sandukuni. "Tuende ku kaburi," akasema. "Weye utaanza kusema mbele. Miye niko na haya."

Tulichukua taksi. Sehemu ya Waislamu makaburini ilikuwa tupu, jua la saa sita limesimama, hakuna upepo hata kidogo. Ilibidi tuulize mlinzi, kwa sababu mjane hakujua kaburi la mumewe liko wapi. Tulipolipata, alisimama mbali kidogo, nyuma yangu, kama mke aliyechelewa kurudi nyumbani.

Sikujua lugha ya kusemea. Nikasema kama nilivyozoea mbele ya baraza: jina langu, kazi yangu, kwamba nasimama hapa kwa ajili ya serikali. Nikasema kwamba dai lile halikuwa la kweli, kwamba hakuchukua kitu, kwamba nimeliondoa. Kisha nikasema kwamba Mama Zaina yupo, na kwamba alidanganywa na mimi, si na mumewe. Sauti yangu ilisikika ndogo sana.

Nikageuka. Mama Zaina alikuwa amesogea. Alichuchumaa, akaweka kiganja juu ya udongo, akakaa hivyo, ameinamisha kichwa upande mmoja.

"Umesikia kintu?" akaniuliza.

"Hapana, Mama."

"Miye pia." Akaikunja nguo yake vizuri, akakaa chini. "Ikala. Tumungoje."

Nikavua koti, nikakaa.